Daktari Brusela wa Samunge

Qurus, Karatu
9 Februari 2025

Leonida mwanangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Barua yako ilinifikia Alhamisi kwa mkono wa Hilary, nikaifungua nikadhani ukurasa wa kwanza umedondoka njiani. Hakuna shikamoo, hakuna kuuliza nani kaamkaje. "Nimefika Samunge. Chumba kina kitanda na meza. Mtandao hakuna." Hii ni barua au ni majibu ya maabara? Mimi niliyefundisha watoto wa Qurus kuandika barua mpaka nikastaafu, leo mtoto niliyemlea mwenyewe ananitia aibu!

Haya, nikuoneshe inavyofanywa. Hapa nyumbani sote tunaamka. Mwanangu Hilary anaendelea kupeleka wageni Ngorongoro na Natron, akirudi vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na mkewe Martha anamfukuza asikalie kochi. Mtoto wao ameota meno ya mbele na anayajaribia kwenye vidole vyangu. Shamba tumelilima, tunasubiri mvua. Ng'ombe wangu Shada ametupa mimba, miezi haijatimia. Ndama alikuwa amekwama, Hilary yuko safarini, mtu wa mifugo hapokei simu, basi nikakunja mikono ya gauni nikamvuta mwenyewe. Ndama alikuwa ameshakufa. Nimeumia sana, maana nilikuwa nimeshamchagulia jina.

Sasa neno langu. Uliniambia kabla hujaondoka kwamba daktari aliyekaa maabara miaka yote ile hawezi tu kuamka siku moja akarudi wodini kusomea ubingwa kama mtu aliyetoka jana. Ndiyo maana chuo kimekupeleka huko milimani ukae na daktari mzoefu, ushike wagonjwa, mikono ikumbuke kazi yake. Hilo nimelielewa na nimelipenda. Lakini Hilary hana siri, unamjua. Ananiambia profesa wako wa Moshi anakutaka ubaki maabara moja kwa moja, na anataka jibu kabla ya Agosti. Hilo hukuniandikia, nami sikuulizi. Nakuuliza jambo dogo tu: tangu ufike, umeshamgusa mtu?

Msalimie huyo Daktari Yasmini anayekusimamia. Baba yake, mzee Ally, alikuwa akinipimia sukari dukani pale Karatu mjini, na huyo binti amekaa juu ya gunia la mchele anasoma kitabu, hata wateja hawaoni. Mwambie mwalimu Dorkasi anamkumbuka.

Ni mimi shangazi yako ninayesubiri barua yenye adabu,
Dorkasi


Samunge
16 Machi 2025

Shikamoo Shangazi. Na shikamoo nyingine kwa ile iliyodondoka njiani.

Natumaini nyote mmeamka salama, na Hilary, na Martha, na huyo mwenye meno mapya. Huku mimi mzima. Pole sana kwa Shada. Maziwa myachemshe, najua utasema nimeanza. Mvua imeanza kugusa milima, na Wasonjo wa hapa wako kwenye mifereji yao wanagawana maji kwa zamu, kila mtu anajua siku yake bila kuuliza. Daktari Yasmini amefurahi kusikia jina lako mpaka akacheka peke yake. Anasema ulikuwa unamuuliza jedwali la saba kila ukija dukani, na alikuwa akikuona kwa mbali anajificha nyuma ya mafuta ya taa.

Shangazi, sijui kama nitaweza kukueleza njia ya kuja huku. Gari likipanda ule ukuta wa bonde kutoka Engaresero, dereva husimama ili injini ipoe. Nikashuka, nikageuka. Chini yangu ziwa Natron lote, upande mmoja jekundu na upande mmoja jeupe, na mlima Lengai umesimama peke yake na kichwa cheupe. Nilikuwa na kiu nikasahau kunywa. Nimepima damu za watu na ng'ombe wa nchi hii kwa miaka, nikiletewa ndani ya vichupa vyenye namba, na sikuwa nimewahi kuiona nchi yenyewe. Niliona haya, na nilifurahi.

Umeuliza kama nimemgusa mtu. Nimegusa. Siku ya kwanza niliweka kipimo cha moyo kifuani pa mama mmoja, nikasikia kelele tu, kama mtu anahamisha vyombo chumba cha pili. Zamani nilikuwa nasikia. Mama yule aliniangalia usoni akaona kwamba sisikii, akanipigapiga mkono kunituliza, yeye mgonjwa!

Halafu kuna hili, ambalo unaweza kulicheka, wenzangu hapa wote wameshalicheka. Unajua mimi nimesomea kidudu kimoja tu, brusela, kile kinachofanya ng'ombe atupe mimba na binadamu apate homa isiyoisha. Wiki ya kwanza nilikiona kila mahali. Mgonjwa wa kwanza mwenye homa nikasema brusela, alikuwa na malaria aliyotoka nayo bondeni. Wa pili nikasema brusela, ni kifua kikuu. Wa tatu alikuwa amechoka tu na ndugu wa mumewe, akataka kupumzika kwetu siku mbili. Sasa manesi wananiita Daktari Brusela, hata mpishi. Nimejiapiza neno hilo halitatoka mdomoni mwangu tena mpaka mtu mwingine alitaje kwanza.

Hayo mengine uliyosikia kwa Hilary tutayazungumza mvua zikiisha.

Mtoto wako mwenye adabu,
Leonida


Qurus
22 Aprili 2025

Leonida mwanangu,

Salamu za Pasaka kutoka nyumba nzima. Sikukuu imepita vizuri. Martha alipika wali na nyama ya mbuzi, watu wakala mpaka wakanyamaza. Kwaya imeimba kuliko mwaka jana. Niliisikia vizuri kabisa kutoka hapa nyumbani, upepo ulikuwa unavuma kuja huku. Mvua imetosha, mahindi na mbaazi vimeshikana vizuri shambani. Shada amerudi kuwa mnene. Mtoto anatembea akishika ukuta. Martha siku hizi amekuwa mtu wa kufua, kila asubuhi anatoa mashuka yangu kitandani kana kwamba tuna wageni. Hilary anasema barabara ya kwenu imekatika, sijui hii itakufikia lini.

Ukiona mwandiko umelala usishangae, nimeegemea mto.

Daktari Brusela! Nimecheka, ndiyo. Kisha nikaacha kucheka. Nimekumbuka siku ile uliponichukua Moshi kuniingiza maabara kwenu. Ulinivalisha koti jeupe, nikawa kama muuza nyama. Ukaniambia, "Shangazi, weka jicho hapa, usikaze." Mwanzoni niliona kope zangu tu. Halafu vikatokea: vidoa vyekundu, vidogo sana, vimejaa kama unga uliomwagika. Ukaniambia ndivyo hivyo, vimeshakufa, havidhuru. Leonida, nimefundisha Uumbaji miaka yote darasani, bahari na nyota na wanyama wakubwa, na sikuwahi kufikiri kwamba Mungu alikaa pia akahangaika na kitu kidogo hivi, akakipa nguvu ya kuangusha fahali.

Lakini nilikuangalia na wewe. Ulikuwa unavitazama kwa mapenzi, shingo umeinama, umesahau kwamba niko hapo. Nikasema moyoni, huyu tumeshampoteza, hatarudi kwa watu. Ndiyo maana ulipokubali kwenda Samunge nilipiga magoti nikashukuru. Usiache, mwanangu, kwa sababu ya kuchekwa na mpishi.

Nimechoka kidogo, naishia hapa. Wote wanakusalimu.

Shangazi yako,
Dorkasi


Samunge
18 Mei 2025

Shikamoo Shangazi.

Natumaini umeamka. Safari hii sisemi "nyote". Nakuuliza wewe.

Barua yako ya Pasaka ilikwama Engaresero kwa Lembris, yule mlinzi wa kambi anayetupokelea mizigo. Maji yalikuwa yamekula barabara. Nimeipata jana. Nisamehe, nitakuandikia bila kupanga vizuri.

Kwanza nikueleze habari ya Sitonik. Ni mfugaji wa huku juu, mtu mzima, mrefu, aliyeletwa na kaka zake kwa pikipiki amekaa katikati yao kama gunia. Homa inakuja, inaondoka. Kiuno kinamuuma hata hawezi kupiga magoti kukamua. Ameshatibiwa taifodi mahali pengine na pengine. Nilimsogelea, nikajua. Nilijua kabla sijamshika. Na nikanyamaza! Kwa sababu ya mpishi, Shangazi. Niliandika "homa, chanzo hakijajulikana", nikampa dawa ya maumivu, nikaenda kula.

Alikaa hivyo siku mbili, mpaka Daktari Yasmini alipopita wodini nami nyuma yake. Akaketi kitandani pake. Hakugusa karatasi. Akaanza salamu za Kimaasai, zile ndefu: wewe hujambo, watoto hawajambo, mama yako, majirani, malisho yako vipi, maji yako vipi. Mimi nimesimama natazama saa, naona anapoteza muda. Akafika kwenye ng'ombe. Sitonik akajibu kwamba ng'ombe hawajambo. Kisha akasema isipokuwa wale wanne waliotupa mimba tangu kiangazi. Daktari Yasmini hakuonesha mshangao, akaendelea kusalimia mpaka mbuzi, akamaliza, ndipo akanigeukia.

"Ulimsalimia huyu?"

"Nilimwambia habari."

"Habari ya nini? Na ulijua?"

"Nilijua, Daktari."

"Ukaogopa kuchekwa."

Kisha akaniambia mbele ya mgonjwa, kwa sauti ya chini, "Leonida, mimi sina mtu mwingine hapa anayekijua hicho kidudu. Chuo kimekuleta kwangu urudi kuwa daktari, hakikusema uache ulichonacho getini. Sasa mshike tumbo."

Nikaweka mkono chini ya mbavu zake za kushoto. Nikamwambia avute pumzi. Shangazi, alipovuta, wengu ulishuka ukaja kugusa ncha za vidole vyangu. Ulikuja wenyewe, taratibu, kama ng'ombe anayekuja kunusa mkono. Nilisahau manesi, nilisahau profesa. Miaka yote ile nilikiona kidudu na sikuwa nimewahi kuona kinamfanyia nini mtu anayepumua. Nilitaka kulia pale pale, si kwa huzuni. Nikamwomba avute tena. Sasa ana nafuu, jana amenionesha kwamba anaweza kuchuchumaa.

Kisha nikarudi chumbani nikaisoma barua yako. Na nikaisoma ile ya Februari.

Umenipa habari za Hilary, za Martha, za mtoto, za mbaazi, za ng'ombe. Zako hakuna. Ulimvuta ndama wa Shada kwa mikono mitupu, nami nikakujibu kuhusu maziwa, kwa sababu nilishaanza kuogopa mdomo wangu mwenyewe. Kwaya imeimba Pasaka na wewe umeisikilizia nyumbani, wewe ambaye hukukosa hata mwaka ule ulipong'olewa jino. Martha anafua mashuka kila asubuhi kwa sababu yameloa jasho. Unaandika umeegemea mto kwa sababu mgongo hautaki kiti.

Nimeogopa kuandika hili, nikihofia labda nakiona tena kila mahali. Inawezekana nakosea. Kama nakosea nicheke mpaka Krismasi. Shangazi, nadhani una brusela, na nadhani unayo tangu siku ile ya ndama. Inatibika, lakini dawa ni za wiki nyingi na huwezi kuziacha katikati.

Dereva wetu anashuka Engaresero alfajiri, kule kuna mtandao, nimempa namba ya Hilary. Hilary atakupeleka hospitali Karatu upende usipende. Waambie wapime brusela, na kipimo cha kwanza wakihakikishe kwa cha pili. Barua hii utaisoma ukiwa umeshapimwa, na umekasirika.

Leonida


Qurus
15 Juni 2025

Leonida,

Nimekasirika, ndiyo. Hilary aliingia na viatu vyake vya vumbi mpaka chumbani, akanibeba kama mzigo wa wageni wake, nimevaa kitenge cha jikoni. Majirani wote wamesimama. Kina mama wa kwaya wakaanza kulia wakidhani ni mambo ya mwisho.

Wamepima. Wamepima tena. Ni brusela.

Daktari kijana aliyenihudumia akauliza nani aliyefikiria ugonjwa huu. Nikamwambia ni binti yangu. Akauliza yuko wapi, alinipima lini. Nikamwambia hajanipima, yuko Samunge, hajaniona tangu Januari. Akaweka kalamu chini.

Sasa nisikilize na usinikatize, uzuri wa barua ni huo. Mimi nilijua. Yale maelezo ya Kiswahili uliyowaandikia wafugaji, ya homa inayokuja na kuondoka, na jasho, na mgongo, nani aliyekusahihishia? Si mimi, mezani hapa, kwa kalamu nyekundu? Ilipofika Machi nikaanza kuloa usiku, nikajihesabia dalili moja moja kwa maneno yako mwenyewe. Nikanyamaza. Nilikwambia watu wote wazima ili usiniulize.

Niliogopa kitu kimoja. Nilijua ukisikia kwamba kile kidudu chako kimeingia nyumbani kwako, kimenipata mimi, utarudi kukikimbiza. Utasema shangazi yangu anaumwa, wodi itasubiri, ngoja nirudi kwenye hadubini nikimalize. Profesa angekupokea siku hiyo hiyo. Na mimi nakutaka kwa watu, Leonida. Nikaona afadhali mgongo uume mpaka umalize miezi yako huko. Ulikuwa ni ujinga, Martha ameshaniambia kwa maneno makali kuliko yako, na siku hizi ananihesabia vidonge kama mtoto wa chekechea.

Lakini niliposoma barua yako nilikaa nayo mapajani jua likahama ukuta mzima. Kutoka hapa mpaka kwako kuna Ngorongoro yote katikati. Kuna kreta yenye tembo na faru, kuna misitu yenye ukungu, kuna bonde, kuna Lengai. Nilijificha nyuma ya vyote hivyo, nikajifunika na habari za mahindi. Na umeniona. Bila damu yangu, bila hadubini, umeniona nimelala kwenye mto. Mimi sijui kitu gani hicho kimeingia ndani yako huko Samunge. Najua tu kwamba nilifunga macho nikasema, Mungu wangu, kumbe anaweza.

Sikuchagulii. Kama ni maabara, nitakuombea ukiwa maabara. Agosti haiko mbali, mjibu yule mtu kwa adabu.

Naanza kulala kavu. Nilikula ugali jana nikaomba nyongeza.

Shangazi yako mkaidi,
Dorkasi


Qurus
24 Agosti 2025

Leonida mwanangu,

Nakuandikia ya pili kabla hujaijibu ya kwanza, maana ile uliijibu kwa miguu yako.

Hapa hatujambo. Safari hii naanza na mimi mwenyewe, usije ukanifuata tena: sijambo, nimemaliza vidonge vyote, Martha ameshuhudia, mgongo unalalamika asubuhi tu. Jumapili nimesimama na sauti ya pili mpaka mwisho wa ibada. Mbaazi tumeanza kuvuna. Shada alipimwa kama ulivyosema, akakutwa nayo, Hilary amemwondoa zizini, sitaki kulizungumzia. Mtoto anakimbia.

Natumaini Moshi wamekupokea vizuri wodini, na kwamba profesa amezoea jibu lako, siku nne kwa wagonjwa na moja kwake. Uliponiambia nilijifanya nashughulika na chai. Nilikuwa nalia ndani ya sufuria, sasa ujue.

Nataka kukuandikia jambo la siku ile ulipopita hapa ukitoka Samunge, kwa sababu sikuweza kulisema.

Uliingia, ukaniamkia. Nikadhani utaniambia nilale uanze kunipima, Hilary ameshatoa viti. Hukufanya hivyo. Ulikaa ukanisalimia. Ukauliza usingizi, ukauliza kuku, ukauliza nani ananitembelea na nani ameacha, ukauliza kama bado naogopa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilijibu yote, hata yale niliyokuwa nimeyaficha kwa Martha. Kisha ukanawa mikono, ukaipasha kwa kusugua, ukaweka mmoja hapa ubavuni ukaniambia nivute pumzi.

Mkono huo nimeufundisha kushika penseli. Nimeuchapa ulipomwaga maziwa. Nimeushika tukimzika mama yako. Nilidhani naujua wote. Lakini siku ile ulitua juu yangu ukiwa mkono wa mtu mwingine, mtulivu, unajua unakokwenda, na nilipovuta pumzi niliona uso wako unasikiliza kwa vidole. Hilary akatoka nje mwenyewe, bila kuambiwa, akavua kofia.

Ulipomaliza ukasema, "Wengu umerudi mahali pake, Shangazi. Umepona. Lakini utarudi kupimwa Novemba."

Wewe unanijua, kila neno lako nina la kulijibu. Siku ile sikuwa nalo. Nilifunga vifungo vyangu, nikasema, "Sawa, daktari." Ulicheka ukidhani nakutania.

Sikuwa nakutania.

Dorkasi